Darubini ya kwanza Kigamboni: mm 114 yenye stendi ya ikweta, au Dobson ya inchi 6 au 8?

Kigamboni_Usiku

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa watu wanaozijua darubini kwa kuzitumia. Nataka ya kuangalia mwezi, sayari na makundi ya nyota. Itakaa Kigamboni, nitaitumia uani, na mara mojamoja itapanda gari hadi Kisarawe ambako taa ni chache.

Nimebakiwa na chaguo tatu:

1. Darubini ya vioo ya mm 114, ipo dukani Kariakoo. Boksi linasema urefu wa fokasi ni mm 1000 na kwamba inakuza mara 525. Inakuja na stendi ya ikweta ya miguu mitatu yenye uzito wa kusawazisha. Bomba lenyewe ni fupi, halifiki nusu mita.
2. Dobson (darubini ya vioo inayokaa kwenye kitako cha mbao) ya inchi 6 (mm 150, fokasi mm 1200), ya kuagiza nje.
3. Dobson ya inchi 8 (mm 203, fokasi mm 1200), ya kuagiza nje.

Stendi ya ikweta ina faida gani kwa mtu aliye nyuzi 7 tu kusini ya ikweta? Tofauti ya inchi 6 na 8 inaonekana kweli chini ya taa za Dar? Lenzi gani za ziada ninunue mwanzoni na zipi niache? Na hii chumvi ya bahari: huku nondo za madirisha zinaliwa na kutu, je kioo cha darubini kitapona?

Kipenyo (Dodoma)

Mkuu, hiyo ya kwanza iache. Sababu umeiandika mwenyewe: bomba halifiki nusu mita ilhali fokasi (umbali kutoka kioo kikuu hadi mwanga unapokutana) ni mm 1000. Kwenye darubini ya vioo ya kawaida, mwanga unagonga kioo kikuu kilicho chini, unarudi juu hadi kwenye kioo kidogo cha mshazari, kisha unatoka ubavuni kwenye lenzi ya jicho. Ndiyo maana urefu wa bomba hukaribia urefu wa fokasi. Likiwa nusu yake, ujue ndani ya bomba la kurekebishia fokasi imewekwa lenzi ya kurefusha fokasi. Kwenye darubini za bei ya chini lenzi hiyo huwa hafifu, na inavuruga kazi ya kulinganisha vioo kwa sababu huwezi kukiona kioo kikuu bila kupitia ndani yake. Picha haikai kali hata ukaze na kulegeza skrubu usiku kucha.

Mara 525 nayo haina maana. Kikomo cha juu cha ukuzaji ni kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo mm 114 inaishia mara 228, tena usiku ambao hewa imetulia sana. Ukipita hapo picha inakuwa kubwa, nyeusi na yenye ukungu. Ukuzaji wenyewe unapatikana kwa kugawa fokasi ya darubini kwa fokasi ya lenzi ya jicho: 1200 gawanya kwa 25 ni mara 48, 1200 gawanya kwa 10 ni mara 120. Kwa hiyo mtengenezaji yeyote anaweza kuandika namba anayoitaka juu ya boksi, anaongeza tu lenzi ya mm 4 na Barlow (lenzi ya kati inayozidisha ukuzaji) ya mara 3. Kinachoamua utaona nini ni kipenyo cha kioo. Mm 203 inakusanya mwanga mara 3 ya ile ya mm 114, na zaidi ya mara 800 ya jicho lililofunguka gizani.

Sasa stendi ya ikweta. Imetengenezwa ili mhimili wake mmoja uelekee ncha ya anga (mahali ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka), ndipo uifuate nyota kwa kuzungusha kitasa kimoja. Pembe kati ya mhimili huo na ardhi lazima ilingane na latitudo ya mahali ulipo. London ni nyuzi 51 na stendi inasimama vizuri. Dar ni karibu 7, mhimili unakaribia kulala kabisa. Stendi nyingi ndogo skrubu yake ya latitudo haishuki hadi huko. Ikishuka, fimbo ya uzito inagonga miguu na uzito wote unaning'inia upande mmoja, hata upepo mdogo unatosha kuiangusha. Halafu kuipata ncha yenyewe: Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo wa macho, haionekani. Upande wa kusini kuna Sigma Octantis, nyota hafifu ya mng'ao wa 5.4, na kwa Dar iko nyuzi 7 tu juu ya upeo. Kwenye mvuke wa bahari na mwanga wa mji hutaiona. Watu wa Nairobi na Nanyuki hali yao ni ngumu zaidi, maana ncha zote mbili zimelala kwenye upeo. Stendi hii ina faida kwa mtu anayepiga picha za muda mrefu, na hata yeye hapa kwetu anahitaji kabari ya kuiinamisha. Kwa kuangalia kwa macho, achana nayo.

Dobson haijali latitudo. Ni kitako cha mbao kinachozunguka kushoto na kulia, na bomba linalopanda na kushuka. Unaisukuma kwa mkono. Kwa ukuzaji wa mara 120 na lenzi ya kawaida yenye uwanja wa nyuzi 50, kitu kilicho karibu na ikweta ya anga kinakatiza uwanja mzima kwa kama sekunde 100, kisha unasukuma kidogo. Kwa mara 240 ni sekunde 50. Mkono unazoea haraka.

Kati ya 6 na 8, ningechukua 8. Kigamboni, kwenye mwezi na sayari, tofauti si kubwa: uwezo wa kutenganisha ni sekunde 0.57 za tao (sekunde ya tao ni sehemu 1 kwa 3600 ya nyuzi moja) kwa inchi 8 na 0.77 kwa inchi 6, na usiku mwingi hewa yenyewe haikupi chini ya sekunde 1. Lakini ukifika Kisarawe, mm 203 ina mwanga wa asilimia 80 zaidi. Omega Centauri, kundi la nyota lenye umbo la tufe, kwenye inchi 8 inapasuka kuwa maelfu ya nukta hadi katikati, na 47 Tucanae vilevile. Hapo ndipo utaifurahia tofauti.

Lenzi: Dobson nyingi huja na mm 25 na mm 10. Anza na hizo. Ya kwanza kuongeza ni Plössl (aina ya lenzi ya jicho) ya mm 32, inakupa mara 37 na uwanja wa nyuzi 1.4 kwa ajili ya makundi mapana ya nyota. Ya pili ni Barlow ya mara 2 nzuri, ambayo inaigeuza mm 25 kuwa mara 96 na mm 10 kuwa mara 240. Zisizofaa ni lenzi za plastiki za mm 4, zile za kukuza kwa kuzungusha za bei rahisi, na lenzi yoyote ambayo shina lake lina kipenyo cha mm 24.5. Chukua rula dukani upime: shina linalofaa ni mm 31.7, yaani inchi 1 na robo. Darubini inayopokea shina la mm 24.5 tu iachwe palepale.

Mwana_Mvita (Mombasa)

Ndugu yangu wa Kigamboni, nakujibu la chumvi na unyevu, kwa kuwa pwani ndipo vioo vinapoharibika.

Uso wa kioo cha darubini umepakwa alumini nyembamba mno, na juu yake kuna tabaka la kinga. Chumvi peke yake ikiwa kavu haidhuru haraka. Chumvi pamoja na unyevu uliokaa juu ya kioo usiku kucha ndiyo inayokula alumini, ikianzia kwenye matundu madogo ya tabaka la kinga. Kisha kuna kuvu, ambayo inapenda lenzi zilizofungiwa mahali penye giza, joto na unyevu. Kwa hiyo kanuni ni moja: usifunge kifuniko kioo kikiwa na unyevu. Ukimaliza, iingize ndani, liegemeze bomba kwa mshazari, mdomo wazi, feni ikipuliza kwa mbali kwa saa moja hivi. Kikikauka ndipo ufunike, na ndani uweke mifuko ya silika ya gramu 100 hadi 200, ile inayobadilika rangi ikishiba maji. Ikishabadilika, iweke kwenye oveni kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, itarudi kazini. Mchele usiweke, vumbi lake linakwenda kwenye kioo.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviandiki: usiiweke darubini chumba chenye kiyoyozi. Kule wanahangaika kioo chenye joto kipoe. Huku ukikitoa kioo kilichopozwa hadi nyuzi 22 ukakipeleka nje kwenye hewa ya nyuzi 28 iliyojaa mvuke, maji yanatanda juu yake papo hapo. Usifute. Acha kipate joto la nje, kitakauka chenyewe kwa dakika 20 au 30. Chumba cha kawaida chenye madirisha wazi ndiyo stoo bora, na faida yake nyingine ni kwamba kioo kinakuwa tayari kwenye joto la nje, hutasubiri sana. Wa Dodoma, Arusha na Nairobi, ambako usiku unashuka sana, wao wasubiri karibu saa nzima kwa inchi 8, la sivyo hewa ya joto inayopanda ndani ya bomba itaitikisa picha ya kila sayari.

Umande: tengeneza kola ya kurefusha mdomo wa bomba kwa mkeka mwembamba wa sponji, mweusi upande wa ndani, urefu mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba. Lenzi ya jicho na kitafutio (kifaa kidogo cha kulengea kilicho juu ya bomba) ndivyo vinavyopata umande kwanza, sio kioo kikuu. Lenzi usiyoitumia ikae mfukoni, joto la mwili linatosha.

Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET inayeyusha plastiki na kuharibu rangi za kinga za lenzi. Pakaa, nawa viganja kwa sabuni, ndipo ushike lenzi. Ni bora zaidi mikono mirefu na soksi.

Kitako cha Dobson ni chipubodi. Kikikaa kwenye majani yenye umande, kingo zinavimba na hazirudi. Zipake vanishi kingo zote kabla ya kuitumia, hasa tundu la katikati na chini ya miguu, na ukikitoa nje kiweke juu ya vigae au kipande cha raba.

Kuosha kioo: vumbi kidogo halidhuru picha, liache. Ukiona madoa ya chumvi au alama za vidole, ndipo uoshe. Tumia maji yaliyokenekwa, yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri, kando yake huuzwa asidi. Kitoe kioo pamoja na kishikizo chake, suuza kwanza kwa maji ya bomba yanayotiririka ili mchanga uondoke, kisha kilowe dakika 10 kwenye beseni lenye matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Pitisha pamba halisi, yenye maji, kwa uzito wake tu bila kubonyeza, mara moja, kisha uitupe na uchukue nyingine. Malizia kwa kumimina maji yaliyokenekwa, kisimamishe kwa ubavu kikauke. Usifute kwa kitambaa.

Kigamboni_Usiku

Nashukuru sana, Kipenyo na Mwana_Mvita. Ya Kariakoo nimeifuta kwenye orodha. Yamebaki mawili. Usafirishaji: bei ya duka la nje naiona, lakini sijui gharama ya kuifikisha Dar inahesabiwaje. Na kulinganisha vioo: naona kila mtu anasema darubini ikisafiri mbali vioo vinahama. Leza sina, inawezekana bila leza?

FundiLenzi (Nairobi)

Naanza na usafiri, kwa sababu ndio unaobadilisha hesabu ya 6 na 8.

Kampuni za vifurushi vya ndege zinatoza uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Chukulia kasha la bomba la inchi 8 ni sm 130 kwa 40 kwa 36. Inatoka 187,200, ukigawanya kwa 5000 ni kilo 37, ilhali ndani hamna hata kilo 15. Na kitako kina kasha lake. Kwa hiyo omba vipimo vya makasha kabla ya kulipa, na uulize bei ya meli kwa mzigo wa kuchanganywa. Inachukua wiki nyingi lakini inahesabiwa kwa mita za ujazo na Dobson inapita vizuri. Kwa mzigo wa meli, forodha za Afrika Mashariki zinatoza kodi juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, sio bei ya duka peke yake. Juu ya hapo ipo VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Kwenye ankara iandikwe wazi kuwa ni darubini ya kuangalia nyota, fungu la forodha 9005, isije ikachanganywa na zile za kuwekwa juu ya bunduki ambazo zina fungu lake na maswali yake.

Ukiona usafiri unazidi bei ya darubini, ipo njia ya tatu: Dobson ndogo za mezani za mm 130 au 150, ambazo bomba lake linakunjwa. Zina kilo 6 hadi 8 na kasha dogo. Sky-Watcher Heritage 130P, kwa mfano, ni mm 130 kwa fokasi 650. Inahitaji meza isiyotikisika au ndoo kubwa iliyopinduliwa, na lazima uizungushie kitambaa cheusi sehemu iliyo wazi ili mwanga wa jirani usiingie. Ni darubini ya kweli, na kwa mtu anayekwenda Kisarawe kwa bodaboda au kwenye gari lililojaa, ndiyo itakayotumika mara nyingi.

Hapa nampinga kidogo Kipenyo. Kwa darubini ya kwanza ninaona inchi 6 yenye fokasi 1200 ni chaguo tulivu zaidi. Uwiano wake wa fokasi kwa kipenyo ni f/8, ile ya 8 ni f/5.9. Upana wa eneo la katikati ambalo nyota zinabaki nukta safi unakua kwa kipeo cha tatu cha uwiano huo, yaani kwa f/8 eneo ni pana takriban mara mbili na nusu. Maana yake vioo vikihama kidogo, inchi 6 inakusamehe, na lenzi za bei ya kawaida zinafanya vizuri mpaka karibu na ukingo. Uzito wake wote ni kama kilo 17, ile nyingine ni kama 25.

Sasa kulinganisha. Leza haihitajiki, na leza ya bei rahisi ambayo yenyewe imepinda itakupotosha. Chukua kifuniko cha plastiki kinachoziba bomba la fokasi, toboa tundu la mm 2 katikati kabisa. Hicho ndicho kifaa chako. Lilaze bomba usawa wa ardhi, ili kitu kikianguka kisianguke juu ya kioo kikuu. Elekeza mdomo kwenye ukuta mweupe wenye mwanga.

Chungulia tunduni. Jambo la kwanza ni kioo kidogo cha mshazari kionekane duara kamili, katikati ya bomba la fokasi. Kikiwa kimekwenda juu au chini ya bomba, kirekebishwe na skrubu ya katikati. Mara nyingi kiwandani kimewekwa sawa na hutakigusa. Jambo la pili: tumia skrubu tatu ndogo zinazokizunguka, kwa bisibisi au spana ya pembe sita yenye umbo la L, ukilegeza moja na kukaza nyingine robo kwa robo, mpaka uone vishikio vyote vitatu vya kioo kikuu na alama ya duara iliyobandikwa katikati yake ikae katikati. Usilegeze zote tatu kwa pamoja, kioo kitazunguka na utaanza upya. Jambo la tatu ni nyuma ya darubini. Zipo skrubu sita: tatu za kurekebisha na tatu za kufunga. Legeza za kufunga, kisha zungusha za kurekebisha mpaka kivuli cha tundu lako, kile kidoti cheusi, kiingie ndani ya alama ya duara. Funga taratibu huku ukichungulia, kwa sababu kufunga nako kunasogeza.

Ukishazoea ni kazi ya dakika tano, na hufanywa kila darubini inapotoka kwenye gari. Kioo kidogo hakihami mara kwa mara, ni kile kikuu.

Uhakika wa mwisho ni nyota. Weka mara 150 hivi, nyota katikati kabisa, poteza fokasi kidogo. Utaona miduara. Kidoti cheusi cha katikati kikiwa katikati ya miduara, vioo viko sawa. Kikiwa pembeni, gusa skrubu ya nyuma kidogo, irudishe nyota katikati, angalia tena. Ulaya wanatumia Nyota ya Kaskazini kwa sababu haisogei. Sisi tuchukue Achernar jioni za Novemba hadi Januari: iko nyuzi 57 kusini ya ikweta ya anga, kwa hiyo inakatiza uwanja kwa karibu nusu ya kasi ya nyota za juu ya kichwa.

Kipenyo (Dodoma)

FundiLenzi, hoja ya f/8 naikubali, na ya usafiri pia. Mkuu, makasha ya inchi 8 yakikuvusha bajeti, chukua 6 bila majuto. Nilichokitaka ni usirudi kwenye mm 114.

Niongeze matumizi, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa wiki ya kwanza.

Kitafutio kilinganishwe mchana, kwenye kitu kilicho umbali wa zaidi ya kilomita moja: mnara wa simu, kilele cha jengo. Weka lenzi ya mm 25, kiweke kitu katikati, kisha rekebisha kitafutio mpaka nukta nyekundu ikae palepale. Usiku ukitumia kitafutio kisicholinganishwa, hata mwezi utakusumbua kuupata. Kila mara anza na lenzi ya namba kubwa, ndipo ushuke.

Usiangalie juu ya paa la bati la jirani wala uwanja wa saruji uliopigwa na jua mchana. Joto linapanda mpaka saa tatu au nne usiku na Mshtarii anachemka. Majani na udongo vinapoa mapema. Simama kwenye kivuli cha ukuta ili taa ya ulinzi isikupige machoni, au jifunike kichwa na kitambaa cheusi. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja yenye mwanga mweupe inakurudisha mwanzo.

Kitu cha kwetu: sayari zinapita karibu na utosi. Ni baraka kubwa, unazitazama kupitia hewa nyembamba, wakati wa London wanaziona sayari za upande wa kusini zikiwa nyuzi 10 au 15 juu ya upeo. Lakini Dobson ikielekezwa wima kabisa, haisukumiki vizuri: kusogea kidogo angani kunahitaji kitako kizunguke robo duara. Kwa hiyo panga ratiba, angalia Zohali saa mbili kabla haijafika utosini au baada ya kupita. Kitako kikikwama na kuruka, legeza nati ya katikati kidogo, na uweke washa (vipande vya duara vyenye tundu) mbili nyembamba zilizokatwa kwenye dumu la plastiki chini yake.

Miezi: masika, Machi hadi Mei, Dar ni mawingu. Juni hadi Septemba ndio msimu. Katikati ya Njia ya Maziwa inapanda hadi nyuzi 68 juu ya upeo wako, na kwa mm 32 unapita humo kundi baada ya kundi: M7, M6, M8, M22 (namba za orodha ya Messier). Mwanzoni mwa msimu huo, jioni, Omega Centauri na kundi la Sanduku la Vito kando ya Msalaba wa Kusini. Alpha Centauri inagawanyika kuwa nyota mbili za manjano kwa mara 80 tu. Januari na Februari ni zamu ya wingu la Orion, Kilimia, na Wingu Kubwa la Magellan upande wa kusini. Mwezi usiungoje ujae, uangalie siku ya tano hadi ya kumi, kwenye mpaka wa mwanga na giza ambako vivuli vya milima ni virefu. Pete za Zohali zilikuwa zimekaa kwa ubavu Machi 2025, sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka. Mirihi itakuwa karibu Februari 2027, ndogo lakini inastahili mara 200.

Kigamboni_Usiku

Nimeelewa, wakuu. Naomba vipimo vya makasha yote mawili kwa muuzaji, kisha nitaamua. La mwisho: kifuniko kikubwa cha hizi Dobson kina kifuniko kidogo cha mm 50 ndani yake. Ni cha kuangalizia jua? Nauliza kwa sababu ya kupatwa kwa Agosti 2027.

Mwana_Mvita (Mombasa)

Hapana, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza. Kile kidogo ni cha kupunguza mwanga wa mwezi. Jua likipita hapo bila kichujio, jicho linaungua papo hapo na halina maumivu ya kukuonya.

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kamili kinapita Afrika Kaskazini, Luxor, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia. Kenya na Tanzania tutaona sehemu tu ya jua ikifunikwa, kwa hiyo kichujio hakitoki hata sekunde moja. Walioiona pete ya jua lililopatwa kule Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa vivyo hivyo.

Nunua karatasi ya Baader AstroSolar ya kiwango cha 5.0, inayopitisha sehemu 1 kwa 100,000 ya mwanga. Ile ya 3.8 ni ya kamera peke yake, usiitumie kwa jicho. Kata pete mbili za kadibodi nene, iweke karatasi katikati ikiwa imelegea. Mikunjo haiharibu picha, kuivuta ndiko kunakoiharibu. Gundi, kisha tengeneza ukosi wa kadibodi wenye kina cha sm 8 unaoingia kwenye mdomo wa bomba kwa kubana, na ufunge kwa gundi ya utepe pande nne, upepo wa baharini usiibebe. Kila mara kabla ya kuitumia, iinue kwenye taa kali utazame kama ina tundu. Ikiwa na tundu, itupe.

Kitafutio kitoe kabisa kwenye darubini, kwa sababu nacho kinakusanya jua, na watoto huchungulia humo. Lielekeze bomba kwa kuangalia kivuli chake ardhini: kikiwa kidogo kabisa, jua liko uwanjani. Vichujio vya kijani au vyeusi vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho vivunje uvitupe, kwa maana vinakaa mahali joto lote linapokusanyika na hupasuka ghafla. Picha za eksirei, CD na miwani ya jua havifai hata kimoja. Miwani ya karatasi ya kupatwa nayo ni ya macho matupu, haivaliwi ukichungulia darubini.